Kuchagua Oili ya Injini: Maana ya Namba na Herufi za Kopo

Lori la chama cha msingi ni mali ya wanachama wote. Limenunuliwa kwa makato ya kila kilo ya pamba, kahawa au korosho, na kila mwanachama ana sehemu yake ndani yake. Walakini katika vyama vingi kitu kinachoamua maisha ya injini ya lori hilo hununuliwa kwa haraka na bila maelekezo yoyote ya maandishi. Dereva hupewa fedha asubuhi, huenda dukani na kumwambia mwenye duka, "Nipe oili namba arobaini." Kopo hutolewa, risiti huandikwa "oili lita 10", katibu huiweka katika jalada, na shauri huwa limekwisha.

Hasara haionekani siku hiyo. Huonekana baada ya mwaka mmoja au miwili, na aghalabu huonekana katika msimu wa ununuzi, wakati lori linapobeba mzigo mzito kila siku. Injini huanza kutoa moshi wa buluu, hula oili, hupoteza nguvu mlimani, na mwisho hunoki. Mazao hubaki ghalani, chama hulazimika kukodi lori la mtu binafsi kwa bei ya msimu, na katika mkutano mkuu dereva hulaumiwa kwa uzembe. Huenda dereva hana kosa lolote katika uendeshaji. Huenda kosa lilifanyika dukani, kwa sababu "namba arobaini" ni nusu tu ya jina la oili. Nusu ya pili imeandikwa kwa herufi, na herufi hizo ndizo zinazoeleza kama oili ile iliundwa kwa injini ya namna ile.

Makala haya yanaeleza maana ya namba na herufi hizo, ili katibu wa chama aweze kusoma kopo kama anavyosoma hati ya mzigo, na Kamati iweze kuamua yenyewe oili ya kununua badala ya kumwachia mwenye duka.

KAZI YA OILI NDANI YA INJINI

Watu wengi hufahamu kwamba oili hulainisha vyuma visisagane. Hiyo ni kazi moja kati ya tano. Kazi ya pili ni kupoza: sehemu za ndani ambazo maji ya rejeta hayafiki, kama vile pistoni na beringi, hupozwa na oili. Ya tatu ni kusafisha, yaani kuyachukua masizi na uchafu ili visigande juu ya vyuma. Ya nne ni kuzuia kutu na kuua nguvu ya asidi. Ya tano ni kusaidia ringi za pistoni kuziba nafasi iliyopo kati yake na ukuta wa silinda, ili nguvu ya mlipuko isivuje.

Oili itokanayo na mafuta ghafi haiwezi kuzifanya kazi hizo zote peke yake. Kwa hiyo viwanda huichanganya na kemikali za nyongeza. Zipo za kusafisha, za kuyashika masizi yabaki yakielea, za kupunguza nguvu ya asidi, za kulinda vyuma vinapokandamizana, na za kuzuia povu. Kopo mbili zinaweza kuwa na oili ya uzito mmoja na rangi moja, lakini moja ikawa na kemikali hizo kwa kipimo kamili na nyingine ikawa na kidogo sana. Jicho haliwezi kuona tofauti hiyo, wala kidole hakiwezi kuihisi.

Hapa yafaa kusahihisha dhana moja iliyoenea. Oili ya injini ya dizeli ikigeuka nyeusi muda mfupi baada ya kubadilishwa, si dalili ya ubaya wake. Dizeli huacha masizi inapoungua, na oili nzuri huyachukua masizi hayo na kuyabeba hadi siku itakapomwagwa. Ikiwa oili inabaki safi kwa muda mrefu katika injini kuukuu ya dizeli, yapasa kujiuliza masizi yamekwenda wapi. Huenda yameganda kwenye ringi na katika njia za oili.

NAMBA: UZITO WA OILI

Chama cha Wahandisi wa Magari cha Marekani, kwa kifupi SAE, kilitoa utaratibu wake wa kwanza wa kupanga oili kwa namba mwaka 1911. Utaratibu huo umerekebishwa mara nyingi tangu wakati huo, lakini msingi wake ni ule ule. Namba hueleza mnato, yaani wepesi au uzito wa oili inapotiririka. Namba haielezi ubora wa oili, wala haielezi kama oili ni ya petroli au ya dizeli.

Kipimo cha injini iliyokwisha kupata moto huchukuliwa katika joto la nyuzi 100 za Selsiasi. Oili ya SAE 30 ni ile ambayo mnato wake katika joto hilo ni sentistoki 9.3 hadi chini ya 12.5. SAE 40 ni 12.5 hadi chini ya 16.3, na SAE 50 ni 16.3 hadi chini ya 21.9. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo oili inavyokuwa nzito.

Siku hizi kopo nyingi huwa na namba mbili, kwa mfano 15W-40 au 20W-50. Herufi W inatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Namba iliyo mbele ya W hueleza tabia ya oili injini ikiwa baridi, na namba ya pili hueleza tabia yake injini ikiwa na moto. Oili ya 20W hupimwa kama itaruhusu injini kuzunguka katika baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, na oili ya 15W katika nyuzi 20 chini ya sifuri. Hakuna kijiji cha Tanzania ambako lori hulala katika baridi ya namna hiyo, hata Makete wakati wa Julai. Hata hivyo namba ya kwanza ina faida yake hapa nchini. Injini inapowashwa asubuhi, oili yote imeshuka chini katika sampo, na vyuma vya juu husuguana vikiwa karibu vikavu mpaka pampu iifikishe. Oili iliyo nyepesi ikiwa baridi hufika juu mapema zaidi. Kwa sababu hiyo oili ya 15W-40, kwa mfano, hulinda injini vizuri zaidi wakati wa kuwashwa kuliko oili ya 40 tupu, na injini ikishapata moto zote mbili huwa na uzito wa daraja moja.

Baadhi ya mafundi hushauri kwamba oili ikiwa nzito zaidi ni bora zaidi, hasa kwa injini iliyochoka. Ushauri huo una hatari. Oili nzito kupita kipimo huchelewa kufika kwenye beringi na kwenye tabo, huongeza joto na hutumia dizeli zaidi. Ni kweli kwamba injini inayokula oili huweza kupunguza moshi kwa muda ikitiwa oili nzito, lakini ringi zilizokwisha hazijapona. Namba inayofaa ni ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari, kwa kufuata joto la mahali gari linapofanya kazi.

HERUFI: KAZI AMBAYO OILI ILIUNDWA KUIFANYA

Utaratibu wa herufi unaotumika zaidi duniani ni wa Taasisi ya Petroli ya Marekani, kwa kifupi API, ulioanzishwa mwaka 1970 kwa kushirikiana na SAE na chama cha vipimo na vifaa cha nchi hiyo. Herufi ya kwanza hutaja aina ya injini. S ni ya injini za petroli na C ni ya injini za dizeli. Herufi ya pili hutaja kizazi cha oili, kwa kufuata mpangilio wa alfabeti. Kwa hiyo SF ni ya zamani kuliko SL, na CD ni ya zamani kuliko CH. Namba 4 iliyo mwishoni mwa alama za dizeli, kama CH-4, maana yake ni injini ya mapigo manne.

Ili oili ipewe herufi hizo, hapana budi ijaribiwe ndani ya injini halisi zilizofungwa katika maabara. Injini huendeshwa kwa saa nyingi, kisha hufunguliwa, na pistoni, ringi, beringi na uchafu ulioganda hupimwa. Kila kizazi kipya huwa na majaribio magumu zaidi kwa sababu injini zenyewe zimebadilika. Zina tabo, zina joto zaidi, na hutoa nguvu kubwa kwa oili kidogo.

Kwa upande wa dizeli, alama ya CD ilitoka mwaka 1955, CF-4 mwaka 1990, CG-4 mwaka 1995, CH-4 mwaka 1998, CI-4 mwaka 2002, CJ-4 mwaka 2006 na CK-4 Desemba 2016. API yenyewe imekwisha kuziondoa zile za zamani katika matumizi. Husema waziwazi kwamba CC haifai kwa injini zilizoundwa baada ya 1990, CD haifai kwa injini zilizoundwa baada ya 1994, na CF-4 haifai kwa injini nyingi zilizoundwa baada ya 2009.

Kwa upande wa petroli, SA ni oili isiyo na kemikali za nyongeza na haifai kwa injini zilizoundwa baada ya 1930. SF ni ya injini za 1988 na kurudi nyuma, SJ ya 2001 na kurudi nyuma, SL ya 2004, SM ya 2010 na SN ya 2020. SP ilianza mwaka 2020, na SQ ilianza mwaka 2025.

Hapa ndipo ilipo hatari kwa vyama. Kopo zenye alama kama CC, CD au SF bado huonekana madukani, na aghalabu ndizo za bei ya chini. Si lazima ziwe bandia. Yawezekana ni oili halali kabisa, iliyoundwa kwa injini za miaka ya zamani. Trekta kuukuu lisilo na tabo, kama Massey Ferguson 135, linaweza kufanya kazi miaka mingi kwa oili ya daraja hilo likibadilishiwa kwa wakati. Lakini oili hiyo hiyo ikitiwa katika lori la dizeli lenye tabo lililoundwa mwaka 2005, mambo huwa mengine. Mhimili wa tabo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, nao hulindwa na utando mwembamba wa oili. Oili isiyoweza kuhimili joto hilo huungua na kugeuka makaa, njia ya oili huziba, na beringi za tabo hukatika. Katika pistoni masizi huganda nyuma ya ringi, ringi hukwama, na moshi wa buluu huanza. Kopo lilikuwa na namba 40 kama ilivyoagizwa, nayo injini imenoki.

Kwa kawaida alama mpya ya dizeli huweza kuchukua nafasi ya alama ya zamani. Lori linalodai CH-4 linaweza kutiwa CI-4 au CK-4, lakini lori linalodai CI-4 lisitiwe CF-4. Ipo alama moja isiyofuata kanuni hiyo, nayo ni FA-4, iliyotoka pamoja na CK-4. Hiyo ni oili nyepesi iliyoundwa kwa baadhi ya injini mpya tu, na haifai kuwekwa katika injini za zamani.

Kopo nyingine huwa na alama mbili, kwa mfano CI-4/SL. Maana yake ni kwamba oili hiyo imekusudiwa dizeli kwanza, na inaweza pia kutumika katika petroli ya daraja lililotajwa. Chama chenye lori la dizeli na gari dogo la petroli kinaweza kununua oili ya namna hiyo, ikiwa namba na alama zote mbili zinakubaliwa na vitabu vya magari yote mawili.

ALAMA ZA ULAYA NA JAPANI

Magari yaliyoundwa Ulaya huweza kutaja ACEA, ambacho ni Chama cha Watengenezaji wa Magari cha Ulaya. Viwango vyake vya oili vilianza mwaka 1996. Alama za A na B, kama A3/B4, ni za magari madogo ya petroli na dizeli. Alama za C ni za magari madogo yenye chujio la masizi katika bomba la moshi. Alama za E, kama E7, ni za malori. Zaidi ya hayo, watengenezaji kama Mercedes-Benz, Volvo na MAN wana namba zao wenyewe. Kitabu cha gari kikitaja namba ya namna hiyo, itafutwe namba hiyo hiyo kwenye kopo.

Kwa vyama vyenye malori yaliyotumika Japani, alama muhimu ni za JASO. DH-1, iliyoanza mwaka 2001, ni ya malori ya dizeli yasiyo na chujio la masizi. DH-2 na DL-1, zilizoanza mwaka 2005, ni za magari yenye chujio hilo: DH-2 kwa malori na DL-1 kwa magari madogo. Tofauti hii si ya kupuuzwa. Kemikali za kuua asidi huacha majivu zinapoungua, na majivu hayo huziba chujio kidogo kidogo. Kwa hiyo magari yenye chujio huhitaji oili yenye majivu machache.

Jambo jingine linahusu salfa iliyomo katika dizeli, kwa kuwa salfa ndiyo izaayo asidi. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Huko Marekani, ambako oili za CJ-4 na CK-4 ziliundwa, dizeli ya magari ina salfa isiyozidi sehemu 15. API hushauri kwamba pale dizeli inapozidi kiwango hicho, muda wa kubadili oili uthibitishwe kwa mtengenezaji wa injini. Chama kinachotumia oili hizi kisirefushe muda huo kwa kutegemea sifa zilizoandikwa kwenye kopo tu.

PIKIPIKI, MABOMBA YA KUPULIZIA NA TREKTA

Pikipiki ya mapigo manne hutumia oili moja kwa injini, giaboksi na klachi, na katika pikipiki nyingi klachi huzunguka ndani ya oili hiyo. Oili nyingi za magari madogo ya petroli zina kemikali za kupunguza msuguano, ili kuokoa mafuta. Klachi nayo hufanya kazi kwa msuguano. Oili ya namna hiyo ikitiwa katika pikipiki, klachi huteleza, pikipiki hulia bila kupanda, na sahani za klachi huisha mapema. Kwa ajili hiyo Japani ilitoa alama ya JASO MA mwaka 1998. Pikipiki ya karani au ya afisa ugani na inunuliwe oili yenye alama ya MA, MA1 au MA2 kama kitabu chake kinavyoelekeza.

Mabomba ya injini ya kupulizia dawa mikorosho ni ya mapigo mawili, na oili yake huchanganywa na petroli na kuungua pamoja nayo. Alama zake ni FB, FC na FD za JASO. Oili ya lori isitumike humo, kwa kuwa huacha majivu na kuziba plagi. Kipimo cha mchanganyiko hufuata kitabu. Kikisema 1 kwa 25, petroli lita 5 hutiwa oili mililita 200. Kikisema 1 kwa 50, lita 5 hizo hutiwa mililita 100.

Oili ya giaboksi na difu ina alama zake, hasa GL-4 na GL-5. Isidhaniwe kwamba namba kubwa ni bora kwa kila mahali. Oili ya GL-5 huweza kudhuru sehemu za shaba nyeupe na nyekundu katika giaboksi iliyoundwa kwa GL-4. Matrekta nayo mara nyingi hutumia oili maalumu katika giaboksi, haidroliki na breki zilizomo ndani ya oili, na oili ya injini haiwezi kuchukua nafasi yake.

KULITAMBUA KOPO LA KWELI

Oili iliyopewa leseni na API huruhusiwa kubeba mchoro wa duara mbili, moja ndani ya nyingine. Nusu ya juu ya ukingo huandikwa alama ya kazi, kwa mfano API SERVICE CI-4. Katikati huandikwa namba ya SAE. Mchoro huu hauna maana sawa na maneno matupu yaliyoandikwa nyuma ya kopo kwamba oili "inafikia" kiwango fulani. Maneno hayo ni kauli ya muuzaji, ilhali mchoro ni leseni inayoweza kuchunguzwa. Orodha ya oili zenye leseni hutolewa na API kwenye intaneti bila malipo, na chama kikuu kinaweza kuichunguza kwa niaba ya vyama vya msingi. Maneno kama "sintetiki", "bora kabisa" au "ya mashindano" si kiwango.

Kwa hapa Tanzania, katibu atazame pia alama ya Shirika la Viwango, TBS. Atazame kama kifuniko kina lakiri isiyovunjwa, kama namba ya toleo na tarehe ya kutengenezwa zimeandikwa, na kama maandishi ya kopo yana makosa ya tahajia. Oili inayopimwa kutoka pipa lililo wazi na kutiwa katika dumu isinunuliwe kabisa, kwa kuwa huko alama zote hupotea. Kadhalika kopo tupu za chama zitobolewe kabla ya kutupwa, zisije zikajazwa oili chafu iliyochujwa na kuuziwa chama jirani.

HESABU NA DAFTARI

Baadhi ya wajumbe watasema kwamba oili yenye alama ya karibuni ni ghali. Na ichukuliwe kwamba tofauti ya bei ni shilingi 3,000 kwa lita, kwamba lori hutumia lita 10 kila mara, na kwamba linakwenda kilomita 30,000 kwa mwaka na kubadilishiwa oili kila kilomita 5,000. Litabadilishiwa mara 6. Tofauti ya mwaka mzima itakuwa 3,000 mara 10 mara 6, yaani shilingi 180,000. Katibu na aweke bei halisi za dukani kwake katika hesabu hiyo, kisha alinganishe jumla na gharama ya kufumua injini na kuitengeneza upya, akiongeza kodi ya lori la kukodi kwa siku zote ambazo lori la chama litakuwa gereji. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Oili bora haiondoi haja ya kuibadilisha. Kemikali zake huisha, na masizi hujaa. Vitabu vingi vya magari hupunguza kilomita za kubadili oili kwa gari linalofanya kazi katika vumbi, kubeba mzigo mzito au kwenda safari fupi fupi, na hizo ndizo kazi za lori la ushirika. Kwa trekta huhesabiwa saa za kazi badala ya kilomita. Kila oili inapobadilishwa, chujio la oili nalo libadilishwe, kwa kuwa chujio chafu huichafua oili mpya siku hiyo hiyo. Kila asubuhi dereva apime oili gari likiwa mahali tambarare, kabla ya kuliwasha, na kipimo kiwe kati ya alama mbili za kijiti. Kuzidisha ni kosa kama kupunguza, maana oili iliyozidi hupigwa na kranki ikawa povu.

Oili iliyomwagwa isimwagwe ardhini wala karibu na kisima, na isipakwe mifugo au vidonda. Ina mabaki ya vyuma na kemikali zinazoweza kuleta saratani ya ngozi. Ihifadhiwe katika pipa lililoandikwa wazi, ikabidhiwe kwa wakusanyaji walioruhusiwa.

MAMBO YA KUAMULIWA NA KAMATI

Ili maelezo haya yawe kazi, yafaa kila Kamati ipitishe na kuandika katika kumbukumbu zake mambo yafuatayo:

1. Kila chombo cha chama kiwe na kadi yake, yenye mwaka wa injini, namba ya SAE, alama ya API, ACEA au JASO inayotakiwa na kitabu, idadi ya lita, na kilomita au saa za kubadili oili.

2. Nakala ya kadi ibandikwe ndani ya chombo na nyingine ikae kwa katibu. Ikiwa kitabu cha gari kimepotea, chama kikuu au wakala wa gari hilo aulizwe kwa barua.

3. Hati ya malipo isitiwe sahihi ikiwa risiti imeandikwa "oili" tu. Risiti itaje jina la oili, namba, alama na lita.

4. Oili ya msimu mzima inunuliwe kwa pamoja kabla ya msimu kuanza, ikiwezekana kwa kushirikiana na vyama jirani kupitia chama kikuu, ili bei ipungue na dereva asilazimike kununua chochote atakachokikuta njiani.

5. Daftari la chombo lioneshe tarehe, kilomita, oili iliyotiwa na jina la aliyeitia, nalo lisomwe katika kikao cha Kamati kila miezi mitatu.

Chama kilichotimiza hayo kitakuwa na jibu siku mwanachama atakapouliza katika mkutano mkuu kwa nini lori limeharibika. Daftari litafunguliwa, kadi italinganishwa na risiti, na itajulikana kama kosa lilikuwa la oili, la dereva au la uchakavu. Na dereva atakapokwenda dukani tena, hatasema "namba arobaini". Atatoa kadi ya chama na kusema, "Nipe kama ilivyoandikwa hapa."